Mabafle ya Kanisa mu Njia ya Uvira

Bandugu yangu ya Muhumba, hapa Bukavu, nimechoka. Si safari njo ilinichosha, ni ninyi. Tokea nilirudi siwezi kununua hata mukate bila mutu kuniita: "Technicien! Kuya utuambie!" Naelezea ku duka, naelezea ku parking, naelezea mu kanisa wakati pasta anahubiri, na kila mara hadithi inazidi kuwa murefu. Juzi nilijisikia mwenyewe nikisema tulipita katikati ya masasi ya bunduki. Hatukupita katikati ya masasi. Basi naandika mara moja tu, vile ilikuwa, na mwenye anataka asome. Makosa ya kuandika muniachie. Munajua niliishiaka mu quatrième. Si mimi niliacha masomo, masomo njo iliniacha, na haikuniaga.

Bukavu, mbele ya kanisa

Kwa bale hawanijue vizuri: mimi njo natengenezaka sono ya kanisa yetu, mamicro na mabafle, ni kusema maspika. Micro ikilia fiiii, batu yote banageuka kuniangalia mimi, hapana micro.

Na kwa bale hawajue ba-Deux: ni bijana babili ya Kampala. Jina yao ya kweli ni ya kuvunja ulimi, sisi tunabaitaka tu ba-Deux, ni kusema Babili. Habaimbake, habapige gitare. Banasimama nyuma ya meza, banabonyeza mamashini, na inatoka bass yenye inakuingia mu tumbo kama mutu anagonga mulango na iko na haki ya kuingia. Cousin yangu Espoir, eko anakaa Uvira, njo alinitumiaka muziki yao mu carte mémoire ya telefone. Huu mwaka vita ilipofika Goma, hapa Bukavu batu balikuwa banalala na biatu mu miguu. Mimi nilikuwa nalala na biatu mu miguu na ba-Deux mu masikio. Nilikuwa najiambia: mabombe ikianza, angalau sitasikia.

Sasa siku moja asubuyi Espoir ananipigia. Ba-Deux beko mu tournée, balipita Kigali, balipita Bujumbura, na beko Uvira! Batacheza kesho ku uwanja wa mupira. Lakini gari yenye ilibeba mabass yao iliharibika kule ng'ambo ya mupaka.

"Uvira hakuna mabafle?" niliuliza.

"Iko mabafle ya kuhubiri. Ya kutingiza tumbo, hapana. Na bale bijana balisema: bila bass, habachezi. Kesho kutwa banarudi kwabo. Yaya, ndugu yangu, ile mabafle yenu mbili ya kanisa..."

"Concert ni saa gani?"

"Seize heures, saa kumi. Na saa kumi na mbili tunazima kila kitu, commandant ya jeshi alishasema. Na vita hii, anataka kila mutu kwake mbele giza iingie."

Ile mabafle, bamama ya kanisa njo baliinunua, kwa kuuza sambaza, ile samaki kidogo kidogo ya ziwa, soko kwa soko. Kubwa, nyeusi, moja inaweza kunimeza mimi na kiti yangu. Pasta alikubali upesi. Mwenye hakukubali upesi ni Maman Présidente, mukubwa wa bamama yote. Aliniita pembeni.

"Bale bijana ya Uvira banaimba nini?"

"Habaimbake, Maman."

"Basi banafanyaka nini?"

"Banabonyeza."

"Banabonyeza," alisema, pole pole, kama mutu mwenye daktari amemuambia kitu mubaya. Kisha alitoa masharti. Ya kwanza: bitambaa ya kufunika mabafle haitoke mu njia, sababu ya mavumbi. Ya pili: yeye mwenyewe anaenda. "Kitu ya bamama haitembeake na bavulana tu."

Bitambaa hiyo muliionaka kila siku ya Mungu. Nyeupe, na dentelle ya matundu matundu pembeni, na musalaba wa violet katikati. Chauffeur yetu, Tonton Dieudo, alisema mabafle ikisimama itaanguka mu mulima ya Ngomo, basi tuliilalisha mu kamio yake, lori ya wazi, moja huku, moja kule, na bitambaa juu. Maman Présidente alivaa pagne, kitenge ya bamama ya kanisa, akakaa katikati, mukono moja juu ya kila moja. Mimi niliangalia hiyo yote na nikaona ni muzuri. Akili yangu munaijua.

Ngomo

Ngomo ni ile mulima yenye barabara imechongwa pembeni, upande moja ukuta, upande ingine hewa tu. Magari haipishane. Yenye inashuka inangojea yenye inapanda. Na ile siku makamio ya basoda, banajeshi, njo ilikuwa inapanda, moja nyuma ya ingine, banaenda kule vita iko. Tulingoja mupaka mangaribi. Tonton Dieudo alisimamisha kamio pembeni ya njia na tukalala mulemule, Maman mu cabine, mimi juu na mabafle. Niliota nacheza na ba-Deux ku jukwaa. Niliamuka nimekumbatia bafle.

Asubuyi mama moja mwenye alikuwa anauza ndizi ya kuchoma alitupatia ndizi na parachichi, akakatala hata kutuangalia usoni. "Mukule tu, mukule tu," alisema, na akaenda. Mimi nilijiambia, batu ya huku beko na moyo! Nilikula yangu, nikakula na nusu ya ya Tonton Dieudo.

Kisha soda mwenye alikuwa anapanga magari alikuya nyuma ya kamio yetu. Nilianza kutafuta mu kichwa maneno ya kumubembeleza. Aliangalia mabafle. Aliangalia Maman. Alivua béret.

"Pole sana, Maman."

"Aksanti, mutoto yangu. Tulilala hapa."

Kisha ule soda aligeuka na kupiga kelele: "Nyinyi bote, pembeni! Hii kamio ipite!" Makamio kubwa kubwa, ya sukari, ya ciment, yote ilisogea kukamata ukuta, na sisi tulishuka katikati kama ministre.

"Unaona heshima ya kanisa?" Tonton Dieudo alisema mu dirisha.

Mimi nilifikiri labda balisikia technicien anapita.

Kamanyola, Luvungi

Chini ya Ngomo joto inakukamata na barabara inanyooka. Na huko mambo ilizidi. Ku barrière ya Kamanyola basoda habakutuuliza kitu, balinyanyua muti yenye inafungaka njia, bakasimama. Bazee balishuka ku makinga, mabaisikeli yao. Batoto ya masomo balinyamaza. Mwenye alikuwa na radio alizima radio. Nilipungia batu mukono, na habakunipungia. Bengine baliniangalia vibaya kabisa.

Ni Luvungi njo akili ilikuya. Mwanaume moja alikuwa anasukuma kinga na magunia ya makala. Alitusikia, alisimama, alilaza kinga chini na magunia yote, akafanya alama ya musalaba. Nilifuata macho yake. Nikaona kile yeye alikuwa anaona: bintu mbili murefu zimelala, kitambaa nyeupe, musalaba, na mama wa kanisa amekaa katikati amechoka.

"Maman."

"Nini?"

"Bale batu banafikiri tunabeba maiti."

"Maiti gani?"

"Babili. Moja kuume, moja kushoto."

Maman Présidente aliangalia kuume. Aliangalia kushoto. Alitoa mikono pole pole juu ya mabafle kama zimekuwa moto.

"Yesu."

"Tutoe bitambaa?"

"Mavumbi hii? Hapana. Ku barrière yenye inafuata nitabaambia mimi mwenyewe."

Tulifika ku barrière yenye inafuata, na muti ulikuwa umeshanyanyuliwa, basoda bamesimama mustari. Tonton Dieudo hakupunguza hata kidogo. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa naangalia jua. Ilikuwa inaenda upesi kuliko sisi.

Sange

Pneu, tairi ya kamio, ilipasuka Sange, katikati kabisa, mbele ya manyumba. Paa! Batu balilala chini. Huu mwaka, kitu ikilia paa unalala kwanza, unauliza nyuma. Balipoona ni pneu tu balisimama, bakapanguza manguo, na kisha njo baliona kamio iko na nini.

Sijui nani aliita nani. Mbele Tonton Dieudo atoe cric ya kunyanyua kamio, bamama balikuwa bamefika, pagne imefungwa ku kiuno, mikono ku kichwa, na kilio ikaanza. Hakuna mwenye alituuliza tunatoka wapi. Balitandika bikeka pembeni ya kamio, bakamushusha Maman Présidente kama yai, bakamukalisha katikati. Mwingine alikuwa anamupepea. Mwingine alileta maji. Kwado, mutu wa kutengeneza mapneu, alianza kazi bila hata kusema bei.

Mimi nilisimama pale, mikono inaninginia. Batu balikuya kunipa pole. Nilisema aksanti. Muzee moja alinikumbatia, akanisikiliza kama ninalia, na sikuwa nalia, akaniambia: "Lia, kijana, usione haya." Munanijua, mimi mwenye nafanyaka mzaha hata ku kaburi. Ile siku nilitafuta mzaha, sikupata hata moja.

Balileta bugali na ndagala, ile dagaa ya ziwa, na sombe ya majani ya muhogo. Balinitangulizia mimi. Ilikuwa tamu. Nilikuwa nahesabu: kwado anamaliza, Kiliba, Uvira, kushusha, kuunganisha mafil, ile nyaya. Tungeweza kufika. Lakini utaamuka namna gani mu kilio na kusema, samahani, tuko na concert?

Kisha katekista ya pale alikuya, na Biblia chini ya kwapa. Bamama balinyamaza.

"Tutaombea marehemu," alisema. "Maman, majina yabo?"

Aliniangalia mimi, sababu Maman alikuwa ameinama. Nilimutafuta chauffeur kwa macho. Tonton Dieudo alikuwa ameingia chini ya kamio kabisa, miguu tu njo ilibaki inje.

Maman Présidente alinyanyua kichwa.

"Bandugu, munisamehe. Mule hamuna mutu. Ni mabafle ya kanisa. Tunaipeleka Uvira, kuna bijana banataka kucheza muziki."

Nilikuwa nimeshaanza kuangalia nitakimbilia wapi. Hakuna muti hata moja pale ya kujificha nyuma yake.

"Nilitaka kusema tokea tulisimama," alisema. "Lakini muliponikalisha hapa, nguvu ya kusema ilikwisha. Mutoto yangu wa kwanza, Bahati, alikufiaka kule Shabunda mu ile vita ya zamani. Habakunirudishia mwili. Hakuna mutu alitandikaka kikeka juu yake, hakuna mutu alinipepea. Leo njo mara ya kwanza. Kama munaweza, muombee ule."

Katekista aliangalia Biblia. Bibi moja mwenye alikuwa amekaa karibu na Maman, meno mbili mu kinywa, aliangalia kamio, akaangalia Maman, akasema: "Sasa sisi tunalia mabafle tokea hii saa yote?"

Mutu moja alicheka mu pua. Kisha mwingine. Kisha ule bibi mwenyewe alicheka mupaka akashika mbavu, na alipomaliza kucheka alipanguza macho na kusema, pole pole: "Bahati. Basi. Na yangu ni Mwamini. Hata yeye hakurudi."

Mama ya pembeni alisema jina. Na ya nyuma yake. Hakuna mwenye alibapanga. Kila moja alitoa jina ya mutu mwenye hakurudishwa, na katekista alikuwa anarudilia kila jina kwa sauti, ili Mungu asikie vizuri. Kwado aliacha kusukuma pompe na akatoa ya ndugu yake. Mimi pia nilitoa ya papa yangu. Ninyi munajua, siitajake sana.

Nilisahau jua. Nawaambia kweli, nilisahau na ba-Deux.

Ni Maman Présidente njo alikumbuka. Alisimama, alifunga pagne, alisema: "Technicien, concert ni saa gani?"

"Inaanza sasa, Maman."

"Na umekaa?"

Basi muone sasa batu ya Sange! Kwado alifunga boulon ya mwisho ya pneu, akakatala kulipwa, akasema hii ni ya ndugu yake. Bijana balisukuma kamio sababu démarreur, ile ya kuwasha gari, ilikuwa imekasirika. Katekista alipanda pikipiki mwenyewe, akatutangulia ku kila barrière mupaka Kiliba, anapiga klaksoni na kupaza sauti: "Mufungue! Si maiti, ni mabafle! Mufungue!" Na sisi nyuma yake, mavumbi yote usoni.

Uvira

Uwanja ulikuwa umejaa, na batu balikuwa bameshakasirika, kisha kasirani ilibaishia, bamekaa chini tu. Ba-Deux balikuwa bamekaa ku ukingo ya jukwaa banakula mukeke, samaki ya ziwa, ya kuchoma, kwa mikono. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kubaambia mu français, nilikuwa nimerudilia tokea Bukavu. Moja alinyanyua kichwa. Nilisema: "Bass." Njo hiyo tu ilitoka.

Tulishusha, tulisimamisha, na hapo Maman alikubali bitambaa itoke. Aliikunja mwenyewe, akakalia kiti ya plastike nyuma ya jukwaa, pembeni ya bafle ya kuume, bitambaa ku mapaja, kama mulinzi wa banque. Niliunganisha mafil. Bafle ya kushoto ilisema mmmm. Ya kuume ilinyamaza. Barabara ilikuwa imevunja fiche ndani, kwenye fil inaingia. Niliisukuma kwa kidole, ikasema mmmm. Nilitoa kidole, ikanyamaza.

"Scotch ya kubandika iko?" niliuliza Espoir. Alitafuta. Hakuna. Tulifunga na kamba, ikaanguka. Tulifunga na sachet ya plastike, ikaanguka. Jua ilikuwa inakaa juu ya milima.

"Achana," nilisema. "Nitakamata mimi."

Basi, bandugu, munaniulizaka ba-Deux banachezaka namna gani. Nitabaambia kile niliona: migongo mbili. Moja iko na shimo ku chemise. Nilipiga magoti nyuma ya bafle, kidole mu fiche, uso mu mbao, na bass ilikuwa inaingia mu kidole, inapanda mu mukono, inageuka mu mabega na kutokea mu meno. Kule mbele batu balikuwa banaruka, nilikuwa nasikia uwanja muzima unashuka mara moja, puu, puu. Na mimi, shabiki wa kwanza wa Kivu yote, nilikuwa naangalia mbao.

Maman Présidente aliinama ku sikio yangu.

"Bataacha kupima mamashini saa ngapi? Baanze."

"Balishaanza, Maman! Njo hii!"

"Njo hii?"

"Njo hii!"

Alisikiliza kidogo, mukono ku kifua. "Inanigonga hapa," alisema. Hakusema ni mubaya. Kisha aliniangalia, kidole mu fiche, jasho inatoka mu masikio.

"Na wewe haubaone?"

"Naona migongo."

"Ulitoka Bukavu kuona migongo?"

Ku upande ingine commandant alikuwa amesimama, anaonyesha saa ku mukono. Espoir alinifanyia alama: moja tu imebaki, ya mwisho.

Maman Présidente aliweka bitambaa chini, mu mavumbi. Ile bitambaa! Alivuta kiti mupaka ku bafle, akakaa, akaweka kidole yake juu ya kidole yangu.

"Toa yako. Pole pole."

"Maman, inatetemesha."

"Niliuza sambaza kununua hii kitu. Itanifanya nini? Enda, mutoto. Enda uone."

Nilitoa kidole. Bass haikukatika hata kidogo. Nilikimbia, nilizunguka jukwaa, nilipita katikati ya batu, mutu alinikanyaga na nilimuambia aksanti. Na nilibaona. Uso kwa uso. Bijana babili tu, mwembamba, moja iko na mafuta ya mukeke bado ku kidevu, banaangaliana na kucheka juu ya mamashini, na mikono yao inaenda kama ya bamama banachagua maharagi. Bass ilishuka. Uwanja muzima uliruka. Mimi niliruka na nikalia, yote pamoja, na nilikuwa sina haya. Ule muzee ya Sange angefurahi.

Kisha commandant alinyanyua mukono, ba-Deux balinyanyua yabo, na ilikuwa imeisha. Batu balianza kuenda upesi upesi, mbele ya giza. Nilirudi nyuma ya jukwaa. Maman Présidente alikuwa mulemule, amekaa wima, macho imefungwa, kidole mu fiche.

"Maman, unaweza kuachilia. Imeisha."

Hakufungua macho.

"Ngoja kwanza," alisema. "Kwangu bado inapiga."

Nilikaa chini mu mavumbi, pembeni ya kiti yake, na tukangoja.